Manjano ndani ya Tone la Mafuta

Kijiko cha unga wa manjano kikikorogwa kwenye glasi ya maji baridi, maji hugeuka rangi kwa muda, kisha unga hutuama chini. Unga uleule ukitiwa kwenye mafuta ya moto, mafuta huchukua rangi ya dhahabu na hayaiachii tena. Kila anayepika mchuzi amekwisha kuliona jambo hilo kwa macho yake, na juu yake limejengwa tawi zima la sayansi ya chakula: kuzichukua kemikali za mimea zisizopatana na maji, kuzifumbata ndani ya vitone vya mafuta vidogo kiasi cha kutoonekana, kisha kuvitawanya vitone hivyo katika maziwa, juisi, mtindi au supu.

Kinachoyapa manjano rangi yake huitwa kurkumini. Wakemia Vogel na Pelletier waliitoa kwenye mzizi wa mmea huo mwaka 1815, na umbo la molekuli yake likajulikana mwaka 1910. Katika unga wa kawaida wa sokoni, kurkumini na ndugu zake wawili wa karibu hufikia asilimia 2 hadi 5 tu ya uzito. Kinachobaki ni wanga, nyuzinyuzi, mafuta yanayonukia na maji kidogo.

Kurkumini ni ya ukoo wa polifenoli, kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kupata rangi, kuwafukuza wadudu, kuzuia ukungu na kujikinga na jua kali. Zaidi ya polifenoli 8,000 zimetambuliwa, na ulimi wa mtu unazifahamu hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Ukakasi wa bibo ni kazi ya polifenoli, na vivyo hivyo ukali wa chai iliyosahauliwa na majani yake kwenye birika. Wekundu wa rosela ni polifenoli pia. Parachichi au biringanya likikatwa na kuachwa wazi hugeuka kahawia, kwa sababu polifenoli zake zimekutana na oksijeni ya hewa huku kimeng'enya cha tunda lenyewe kikiharakisha mambo. Wanasayansi wa lishe walivutiwa nazo kwa kuwa ndani ya chupa za maabara huzuia uharibifu unaoletwa na oksijeni. Kwamba zinafanya hivyohivyo ndani ya mwili wa mtu ni dai jingine kabisa, na linahitaji ushahidi wake.

Kabla ya swali hilo kuulizwa, kurkumini ina vikwazo vitatu vya kuvuka. Cha kwanza ni maji yenyewe. Katika lita nzima ya maji yenye uchachu kidogo, hata miligramu moja haiyeyuki, na chakula kikishafika tumboni huwa kinaelea katika maji. Chembe ya kurkumini isiyoyeyuka haina njia ya kuzifikia seli za ukuta wa utumbo. Hupita na kutoka kama ilivyoingia.

Kikwazo cha pili ni kuharibika. Jaribio lililochapishwa mwaka 1997 liliiweka kurkumini katika maji yenye pH ya 7.2 na joto la mwili, nyuzi 37. Katika nusu saa, asilimia 90 hivi ilikuwa imevunjika. Sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ina hali inayokaribia hiyo. Kwenye asidi kurkumini hutulia. Kwenye alikali hubadilika, na mabadiliko hayo yanaonekana nyumbani bila kifaa chochote. Kanzu iliyomwagikiwa mchuzi ikipakwa sabuni ya mche, doa la njano hugeuka jekundu, maana sabuni ni alikali. Kanzu hiyohiyo ikianikwa juani, doa hufifia na hatimaye hutoweka, maana mwanga nao huivunja molekuli. Dobi anayeanika nguo yenye doa la manjano kwenye jua kali anatumia udhaifu uleule unaowasumbua watengenezaji wa vinywaji.

Kikwazo cha tatu ni mwili. Seli za utumbo na ini huitazama kurkumini kama mgeni asiyealikwa: huibandika sukari fulani au salfeti, ikawa nyepesi kuyeyuka katika maji, kisha huiondosha haraka. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya watu 24 waliomeza dozi moja ya kurkumini, kuanzia miligramu 500 hadi gramu 12. Kwa waliomeza hadi gramu 8 haikuonekana kabisa katika damu. Ilionekana kwa watu wawili tu, aliyemeza gramu 10 na aliyemeza gramu 12, tena kwa kiasi kidogo. Gramu 12 za kurkumini halisi ni sawa na kiasi kilichomo katika robo kilo ya unga wa manjano au zaidi, na hakuna mchuzi wa namna hiyo.

Wapo waliojaribu kumfunga mikono mlinzi wa mlangoni. Watafiti wa Bangalore, India, walionyesha mwaka 1998 kwamba gramu 2 za kurkumini zikimezwa pamoja na miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, kiasi kinachofika kwenye damu huongezeka kwa asilimia 2,000. Tarakimu hiyo imesafiri dunia nzima kwenye vibandiko vya chupa. Husahaulika kwamba asilimia hizo 2,000 zilihesabiwa juu ya kitu kilichokuwa karibu na sifuri, na kwamba piperini hailengi kurkumini peke yake. Vimeng'enya inavyovizuia ndivyo vinavyoshughulikia dawa nyingi za hospitali.

Emalsheni hupita njia nyingine. Neno hilo humaanisha vimiminika viwili visivyochanganyika, kimoja kikiwa kimetawanyika ndani ya mwenzake kwa vitone. Maziwa, mayonezi na aiskrimu ni vitone vya mafuta ndani ya maji. Siagi na majarini ni kinyume chake, vitone vya maji ndani ya mafuta. Na katika pwani ya Afrika Mashariki emalsheni hutengenezwa kila siku kwa mbuzi na kifumbu.

Tui la nazi linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu karibu kila tatizo la kiwanda limo ndani yake. Nazi ikikunwa, seli zake hupasuka. Maji yakitiwa na chicha ikakamuliwa, mafuta hutoka yakiwa vitone, na protini za nazi yenyewe pamoja na fosfolipidi zake hujipanga juu ya uso wa kila kitone kama ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ndiyo inayovizuia vitone kuungana. Lakini si ngozi imara. Kasimile ikiachwa kwenye bakuli kwa saa kadhaa, tabaka zito lenye mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Kijiko kikipitishwa, tui hurudi kuwa moja, maana vitone vilikuwa vimesogeleana tu, havijaungana. Moto ni habari nyingine. Tui likichemka bila kukorogwa hukatika: kuanzia nyuzi 80 hivi protini za nazi hupoteza umbo lake na kushikamana zenyewe kwa zenyewe, ngozi hupasuka, vitone huungana, na mafuta huelea juu ya mchuzi. Mpishi anayeteka tui kwa upawa na kulimimina tena, bila kuacha, anavivunja vitone kabla havijakua. Anayetaka mafuta ya nazi hufanya kinyume: huliacha tui lichemke hadi likatike kabisa, kisha huyaengua mafuta.

Mchuzi wa samaki wa nazi uliotiwa manjano, basi, kwa lugha ya maabara ni emalsheni iliyobeba kurkumini. Manjano yaliyokaangwa na kitunguu huiachia kurkumini yake kwenye mafuta, na tui huyaongeza mafuta hayo na kuyatawanya. Chungu na kiwanda hutofautiana katika mambo mawili, ukubwa wa vitone na muda. Mchuzi unatakiwa usikatike mpaka wali uive. Chupa ya dukani inatakiwa isikatike kwa miezi sita, ikiwa imesafirishwa kwenye lori la moto na kutikiswa njia nzima.

Ukubwa wa vitone ndio ufunguo. Kwa mujibu wa kanuni iliyotolewa na George Stokes katikati ya karne ya 19, kasi ya kitone kupanda juu hulingana na mraba wa kipenyo chake. Kitone kikipunguzwa mara kumi, kasi yake hupungua mara mia. Vitone vya mafuta katika maziwa ya ng'ombe yaliyotoka kukamuliwa huwa na kipenyo cha maikromita 3 au 4 kwa wastani, yaani sehemu tatu au nne kati ya elfu za milimita, na ndiyo maana malai hukusanyika juu baada ya muda mfupi. Mfaransa Auguste Gaulin alipata hataza mwaka 1899 ya mashine iliyoyasukuma maziwa kwa nguvu kupitia matundu membamba hadi vitone vikapasuka. Aliionyesha Paris kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1900. Mashine hiyo, homojenaiza, ndiyo babu wa vifaa vinavyotumiwa leo kufumbata polifenoli.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kurkumini huyeyushwa kwanza katika mafuta yaliyopashwa moto, ya mahindi, ya alizeti, au yale mepesi yanayochujwa kutoka mafuta ya nazi. Kando, maji hutiwa emalsifaya. Viwili hivyo huchanganywa kwa mashine ya kasi, na hupatikana rojorojo lenye vitone vya maikromita kadhaa. Kisha rojo hupitishwa kwenye homojenaiza kwa shinikizo la mamia ya baa, wakati mwingine zaidi ya baa 1,000, mara moja au mara kadhaa. Vitone vinavyotoka huwa na kipenyo cha nanomita mia na ushei. Vikipunguzwa zaidi, hadi nanomita 50 au chini ya hapo, mwanga hupita bila kutawanywa sana, na kinywaji huonekana angavu kama chai ya rangi ingawa kimejaa mafuta. Wafanyabiashara wa vinywaji hulipenda sana jambo hilo.

Emalsifaya ni mpatanishi: molekuli yenye upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, ikakaa mpakani na kuvizuia vitone kuungana. Iko ya kila aina, na kila moja ina tabia zake. Lesithini hutoka kwenye kiini cha yai, soya au alizeti. Protini za maziwa hufanya kazi vizuri sana mpaka pH inapokaribia 5. Hapo hupoteza chaji yake na vitone hugandana, kwa hiyo hazifai kwa juisi chachu ya aina hiyo. Gundi arabika, utomvu wa migunga ambao Sudan ndiyo muuzaji wake mkubwa, huvumilia asidi na chumvi bila kuyumba, lakini hutakiwa kwa wingi. Saponini za mti wa Chile uitwao quillaja zinatosha kwa kiasi kidogo. Polisobeti 80, ya kutengenezwa kiwandani, huenda ndiyo tiifu kuliko zote, ila wanunuzi wanaosoma vibandiko hawaipendi. Uchaguzi wa emalsifaya hula muda mwingi zaidi wa mtafiti kuliko uchaguzi wa polifenoli yenyewe, nao ndio unaoamua kama bidhaa itauzwa au itamwagwa.

Kuna kikomo kingine kinachotajwa kwa nadra kwenye matangazo: hata mafuta hayaipendi kurkumini kiasi hicho. Gramu moja ya mafuta ya kula huyeyusha miligramu chache tu. Tuseme ni 3. Lita moja ya maziwa yenye gramu 35 za mafuta itabeba miligramu 105 hivi na si zaidi. Ikilazimishwa, kurkumini ya ziada hugeuka fuwele na kutuama kama ule unga kwenye glasi. Kuongeza mzigo ni kuongeza mafuta, na kuongeza mafuta ni kuongeza kalori.

Njia moja ya ujanja ya kuokoa moto hutumia udhaifu wa kurkumini uleule unaoonekana kwenye kanzu. Katika maji yenye alikali kali, pH ya 12 hivi, kurkumini huyeyuka na kuwa nyekundu iliyokolea. Maji hayo humiminwa haraka ndani ya emalsheni iliyokwisha kutengenezwa, kisha asidi huongezwa kuirudisha pH kwenye kiwango cha kawaida. Ghafla kurkumini hupoteza uwezo wa kukaa kwenye maji, na hukimbilia mahali pekee pa karibu panapoifaa, ndani ya vitone vya mafuta. Wepesi ni lazima, kwa kuwa kila dakika kwenye alikali hupoteza sehemu ya mzigo. Kikundi cha David Julian McClements katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kimeitumia njia hii hata kwenye maziwa ya mimea, yakiwemo ya korosho na ya nazi. Hivyo tui limeingia maabara ya Marekani, safari hii likipimwa kwa mashine zinazohesabu vitone kwa nanomita.

Udogo nao una gharama yake. Kiasi kilekile cha mafuta kikigawanywa kuwa vitone vyenye nusu ya kipenyo, jumla ya uso wa vitone huongezeka maradufu. Uso huo unahitaji emalsifaya zaidi, na ndio unaokutana na oksijeni, madini ya chuma na mwanga. Molekuli ya kurkumini iliyoko karibu na mpaka wa kitone haijakingwa vizuri kama iliyoko katikati. Kwa hiyo vitone vidogo sana vinaweza kutulia miezi bila kupanda juu na bado vikapauka rangi mapema. Chupa nyeusi na mfuniko usiopitisha hewa husaidia kuliko hesabu nyingi.

Polifenoli nyingi hazifanani na kurkumini hata kidogo. Katekini za chai ya kijani huyeyuka kwenye maji kwa hiari. Ndivyo ilivyo kwa anthosiani, rangi ya rosela, ya zabibu nyeusi, na ya ile chai ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011 kwa jina la TRFK 306. Shida ya hizi haiko kwenye kuyeyuka. Huharibika kirahisi, huleta ukakasi kinywani kwa kuzikamata protini za mate, na zikinywewa pamoja na chakula huyakamata pia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, yakapita bila kufyonzwa. Kuzificha kungekuwa na faida, lakini ndani ya mafuta haziingii.

Jibu la vitabuni ni emalsheni ya tabaka mbili: vitone vya maji vyenye katekini ndani ya vitone vya mafuta, navyo ndani ya maji. Kwenye picha ya darubini hupendeza mno, kama mayai ndani ya mayai. Kwenye uzalishaji husumbua. Chumvi au sukari ikizidi upande mmoja, maji huvuja kwenda upande mwingine. Homojenaiza yenye nguvu huvipasua vitone vya ndani. Na emalsifaya inayovishikilia vitone hivyo vya ndani ina ladha ambayo haifichiki kwa urahisi. Karatasi za utafiti kuhusu emalsheni hizi ni nyingi. Vyakula dukani vilivyotengenezwa hivyo ni vya kutafuta kwa tochi.

Badala yake wengine hutegemea protini. Chai ya maziwa yenyewe ni mfano wa zamani: kaseini ya maziwa huzishika polifenoli za chai kabla hazijaufikia ulimi, na ukakasi hupungua. Katika Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, watafiti walitumia kafirini, protini ya mtama, kutengeneza chembe ndogo za kufumbata katekini na tanini za mtama wenyewe. Kafirini haipendi maji na humeng'enywa polepole, sifa ambayo kwa mlaji wa ugali wa mtama ni hasara lakini kwa kazi hii ni hazina. Chembe za namna hiyo, pamoja na zeini ya mahindi na punje za wanga zilizorekebishwa, zinaweza pia kusimama mahali pa emalsifaya na kukizunguka kitone kama vijiwe. Walter Ramsden alilieleza jambo hilo mwaka 1903 na Pickering mwaka 1907. Jina lililobaki ni la Pickering.

Safari ndani ya mwili huanza vibaya kwa emalsheni yoyote. Asidi ya tumbo, chumvi na vimeng'enya vinavyokula protini huishambulia ngozi ya vitone, na vingi huungana kabla ya kutoka tumboni. Hilo si msiba. Kinachohesabika hutokea kwenye utumbo mwembamba, pale nyongo inapojipachika juu ya vitone na kimeng'enya cha kongosho, lipasi, kinapoanza kuyakata mafuta. Vipande vinavyotoka hujikusanya pamoja na chumvi za nyongo kuwa miseli, vifurushi vya nanomita chache vyenye moyo wa mafuta na ganda linalopatana na maji. Kurkumini iliyokuwa ndani ya kitone huhamia ndani ya miseli, na miseli huivusha kwenye tabaka la ute hadi kwenye seli za ukuta. Kwa maneno mengine, kitone hakikusudiwi kufika salama. Kimetengenezwa ili kivunjwe mahali panapotakiwa. Emalsheni ngumu isiyomeng'enyeka huibeba kurkumini yake kwa uaminifu mpaka chooni.

Kutokana na hilo McClements na wenzake walitoa wazo la emalsheni isiyobeba kitu chochote. Huliwa tu pamoja na chakula chenye polifenoli au karotini, kama mchuzi unaomwagiwa juu ya mboga, na vitone vyake humeng'enywa na kutoa miseli za kupokea kile kinachotoka kwenye mboga. Anayepika mchicha kwa tui hahitaji kuelezwa wazo hilo mara mbili.

Miseli hukitatua kikwazo cha kwanza, na kuta za mafuta hupunguza cha pili. Cha tatu, kile cha seli na ini, hubaki kama kilivyokuwa. Hapo ndipo vipimo vinapohitaji kusomwa kwa jicho kali. Tafiti nyingi zinazotangaza kwamba bidhaa fulani hufyonzwa mara 50 au mara 100 zaidi hupima damu baada ya kuitia kimeng'enya kinachobandua ile sukari iliyobandikwa na ini. Kinachohesabiwa basi ni jumla ya kurkumini, na sehemu kubwa ya jumla hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa muhuri wa kuondoka. Kurkumini huru, ambayo ndiyo ilianzisha matumaini yote, mara nyingi hubaki kidogo sana. Na kizidishio chenyewe hutegemea kinacholinganishwa nacho: kwa kawaida ni unga mkavu uliomezwa bila chakula, mpinzani dhaifu kuliko wote.

Tathmini ndefu iliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kemia ya dawa ilipitia kurkumini kwa ukali. Waandishi wake walihesabu zaidi ya majaribio 120 kwa watu, na hawakuona hata moja lililofanikiwa kati ya yale yaliyopangwa kwa namna ambayo mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepewa dawa na nani amepewa kidonge kitupu. Walionya pia kwamba molekuli hiyo huvichanganya vipimo vya maabara kwa kung'aa, kushikana na protini ovyo na kuvunjika katikati ya jaribio, hivyo kuonekana ina nguvu mahali isipokuwa nayo. Wapo wanaoipinga tathmini hiyo, na majaribio yanaendelea, hasa ya maumivu ya magoti. Lakini sehemu moja ya mjadala ni ya wazi: uhandisi wa vitone umeitangulia tiba kwa mbali. Kinajulikana chombo cha kubebea, kwa nanomita na kwa baa. Thamani ya mzigo bado inabishaniwa.

Viwanda, kwa upande wao, havikuisubiri tiba. Kurkumini ni rangi ya chakula yenye namba E100, na emalsheni huiwezesha kuingia kwenye juisi, aiskrimu na jibini bila kutuama. Polifenoli zilizofumbatwa huzuia mafuta ya samaki yasipate shombo kali. Uchungu hufichika. Kazi hizi za kawaida, zisizo na ahadi ya kuponya mtu, ndizo ambazo ufumbataji umezimudu bila ubishi.

Ufyonzwaji ukiongezeka, usalama nao hauna budi kupimwa upya. Mwaka 2019 Italia iliripoti watu kadhaa waliopata homa ya ini baada ya kutumia vidonge na bidhaa za manjano, na wizara ya afya ya huko ikaagiza onyo kwenye vibandiko. Kwa chai ya kijani, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilihitimisha mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, katekini yake kuu, zikiliwa kama nyongeza ya lishe huambatana na dalili za ini kuumia. Chai ya kikombeni haikuonekana kuwa na hatari hiyo.

Kiwango cha kurkumini kinachokubaliwa kimataifa kwa siku ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani miligramu 180 kwa mtu wa kilo 60. Kijiko cha chai cha unga wenye kurkumini asilimia 3 kina miligramu 90 hivi, na kwenye sufuria ya watu sita hugawanywa mara sita. Mwaka 2022 ANSES, taasisi ya Ufaransa ya usalama wa chakula, ilitoa hesabu yake: baada ya kuondoa kile ambacho mtu hula kwenye chakula, nyongeza za lishe zisizidi miligramu 153 kwa siku kwa mtu mzima wa kilo 60. Taasisi hiyo iliongeza kwamba michanganyiko mipya iliyobuniwa ili kurkumini ifyonzwe zaidi ina hatari zaidi, na kwamba data za kutosha kuhusu kila mmoja hazijapatikana. Kipimo cha miligramu 3 kilitokana na kurkumini ya kawaida, ambayo sehemu yake kubwa hutoka mwilini bila kuigusa damu. Miligramu ileile ikiwa ndani ya vitone vya nanomita 100 si dozi ileile, na hakuna kibandiko cha dukani kinachomweleza mnunuzi aigawe kwa ngapi.